Nyumba na Jamaa: Maradhi Yasiyo na Jeraha



Juma hili tunaziacha kando habari za mapishi na bustani tulizozizoea katika ukurasa huu, ili tulijibu swali moja lililotufikia kutoka Bwera. Aliyetuandikia ni mke wa askari. Ametuomba tusilitaje jina lake wala kikosi cha mumewe, nasi tunaliheshimu ombi hilo. Anaeleza kwamba mumewe alirudi nyumbani miezi mitano iliyopita akiwa mzima wa viungo, hana jeraha wala kovu jipya. Lakini tangu hapo halali usiku isipokuwa saa mbili tatu. Huamka kabla ya jogoo, akatoka nje, akakaa juu ya kigogo akiukabili mlima mpaka kunapambazuka. Chakula hukirudisha, hata obundu na samaki wa ziwani aliokuwa akiwapenda mno. Watoto wakicheka huwafukuza. Kazini huenda, tena kwa wakati wake, lakini akirudi hujilaza kifudifudi bila ya kuvua viatu. Siku chache kabla ya barua kuandikwa, alimwambia mkewe kwamba jamaa yake wangeishi vizuri zaidi lau yeye asingekuwako. Mama huyo anauliza: je, mume wangu amerogwa, au amenichoka?

Dada yetu, mtu hapimwi kwa barua, wala ukurasa huu si chumba cha daktari. Hata hivyo dalili ulizozitaja si ngeni. Ni dalili za maradhi yanayojulikana, yenye jina na yenye tiba. Lakini neno lile la mwisho alilokuambia lisingoje gazeti lijalo. Tutalirudia hapa chini, na tunakuomba ulisome hata kama mengine utayaruka.

JINA LA MARADHI

Kwa Kiswahili cha siku hizi maradhi haya huitwa sonona. Asili yake ni kusononeka, yaani kuumwa ndani kwa ndani kama jino lililooza ambalo mwenye kulitazama kwa nje huliona jeupe. Yafaa ieleweke kwamba sonona si huzuni ya kawaida. Mtu aliyefiwa hulia, akala kidogo, akacheka jirani anapomkumbusha kituko cha marehemu, kisha akalia tena. Huzuni yake huja na kwenda kama mawimbi. Mwenye sonona hana mawimbi. Moyo wake umejaa uzito asubuhi na jioni, au umekuwa mtupu kabisa hata machozi hayaji. Madaktari huangalia kama hali hiyo imedumu karibu kila siku kwa muda wa majuma mawili au zaidi, na kama imefuatana na mambo haya: kutopendezwa na yale yaliyokuwa yakimfurahisha mtu, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupoteza hamu ya chakula, uchovu usioondoka kwa kupumzika, kushindwa kukaza fikira, kujilaumu bila sababu, na kuwaza habari za kufa. Kwa wanaume wengi, tena hasa askari, mara nyingi huzuni hiyo huvaa nguo nyingine: hasira za haraka, pombe, na maumivu ya kichwa au mgongo ambayo hakuna kipimo kinachoyaona.

Wenye lugha nyingine nao walikwisha kuyatambua. Mnamo miaka ya 2000, watafiti waliokwenda wilaya za Masaka na Rakai hawakuanza kwa kuwafundisha wanavijiji maneno ya vitabuni. Waliwauliza kwanza wanayaita nini matatizo yao. Waliambiwa kwa Kiganda habari za okwekyawa, yaani kujichukia mwenyewe, na okwekubagiza, yaani kujisikitikia. Walipozilinganisha dalili, wakaona zinafanana sana na zile zilizoandikwa katika vitabu vya madaktari. Washona wa Zimbabwe nao wanalo neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Kinyume chake, mwandishi wa Marekani William Styron, aliyetoa kitabu kidogo juu ya maradhi yake mwaka 1990, alilalamika kwamba neno la Kiingereza ni hafifu mno, haliwezi kubeba uzito wa jambo lenyewe. Ni dhahiri basi kwamba hatujafika nyuma ya wengine katika kulitambua tatizo hili.

JE, NI MARADHI YA WAZUNGU?

Wako wasemao kwamba Mwafrika hana nafasi ya kuugua maradhi kama haya. Dhana hiyo haikutoka kwa babu zetu. Mwaka 1953, Daktari J. C. Carothers, aliyekuwa akiisimamia hospitali ya Mathari mjini Nairobi wakati wa ukoloni, aliandika kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Alikuwa akiwahesabu waliofikishwa hospitalini, na aghalabu waliofikishwa huko ni wale waliovunja vitu na kupiga watu. Mtu aliyejikunja kimya pembeni mwa nyumba yake, nani angempeleka Mathari?

Mwaka 1960, Margaret Field alieleza jinsi alivyowakuta wanawake wengi wa Ghana wenye sonona, si hospitalini bali katika mahali pa matambiko, wakijishtaki wenyewe kwa makosa ambayo hawakuyatenda. Mwaka 1979, John Orley na J. K. Wing walitoa matokeo ya kazi yao katika vijiji viwili vya hapa Uganda. Kwa kutumia maswali yaleyale waliyoulizwa watu wa mtaa mmoja wa London, waliona kwamba vijijini kwetu wagonjwa wa sonona walikuwa wengi zaidi. Kwa hiyo asiwepo wa kumwambia askari au mke wake kwamba anaiga mambo ya ng'ambo.

MZIGO WA NCHI YETU HII

Mtu akitoka Kasese kwenda Bwera, akakata kulia pale Kikorongo, akapita Kisinga mpaka mpakani Mpondwe, anapita katika nchi nzuri yenye mlima, maziwa, pamba na kahawa. Lakini anapita pia katika nchi iliyoona mengi. Wazee wanayakumbuka machafuko ya Rwenzururu yaliyoanza mwaka 1962 na kudumu kwa miaka 20. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka na kuishambulia Mpondwe, na kwa miaka kadhaa baadaye maelfu ya watu wa milimani walilala katika kambi za wakimbizi wa ndani. Mei 2013 na tena Mei 2020, mto Nyamwamba uliacha njia yake na kuzoa nyumba, madaraja na majengo ya hospitali ya Kilembe. Novemba 2016, katika mapigano ya mjini Kasese, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, wakiwamo askari polisi. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023, katika shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi.

Hatuyataji haya kwa kufufua vilio. Tunayataja kwa sababu kila tukio lina watu waliolifikia kwanza: askari aliyebeba, polisi aliyeandika majina, muuguzi aliyepokea, mzazi aliyetambua nguo. Mtu huyo anapomaliza kazi yake hurudi nyumbani, akaulizwa na mtoto, "Baba, umetuletea nini?" Hana la kujibu. Miongoni mwao wako wanaopona wenyewe kwa muda, na hao ndio wengi. Wako pia wanaobaki na sonona, au na maradhi ndugu yake ambayo humrudisha mtu kila usiku palepale alipoona balaa. Kuugua huko hakumwondolei mtu ushujaa wake, kama vile malaria haimwondolei ushujaa wake.

USHUHUDA WA MWANDISHI

Lakini isidhaniwe kwamba ni lazima pawepo vita au mafuriko. Mimi ninayeandika haya nimeyaonja maradhi hayo, tena katika mwaka ambao sikuwa na msiba. Nilikuwa nimekwisha kuacha kufundisha shule ya msingi na kuingia katika kazi ya ofisi ya serikali. Mshahara ulikuja kwa wakati, watoto wazima, kahawa imezaa. Hapo ndipo giza lilipoingia, polepole, kama maji yanayopenya chini ya mlango.

Nilikuwa nikisoma barua moja ya ofisini mara nne bila ya kuielewa. Rundo la mafaili lilinitisha kama mtu anavyotishwa na nyoka. Nyumbani nilisikia sauti za watu wangu kana kwamba zatoka ng'ambo ya mto. Ndugu mmoja alisema nimetupiwa jini, mwingine akasema nimepunguza sala, na mkubwa mmoja kazini akasema mbele ya watu kwamba uvivu nao siku hizi umepata jina la kidaktari. Maneno hayo ya mwisho yaliniumiza kuliko yote, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikijiambia mimi mwenyewe kila asubuhi.

Aliyenifungulia mlango alikuwa mganga wa kituo kimoja cha afya, kijana, nilipokwenda kwake kwa ajili ya kichwa. Alinipima malaria, sikuwa nayo. Kisha badala ya kunipa vidonge vya maumivu na kuniaga, aliniuliza maswali mawili: katika majuma mawili yaliyopita, ni siku ngapi nimekuwa na moyo mzito au kukata tamaa? Na ni siku ngapi sikupendezwa na lolote? Nilitaka kusema "si nyingi." Nikajikuta ninasema, "Zote." Akaniuliza kwa upole kama nimepata kuwaza kujiondoa duniani. Swali hilo halikunitia wazo ambalo sikuwa nalo. Liliniondolea upweke wa kulibeba peke yangu.

Alinipa dawa, akanionya kwamba haifanyi kazi kama ya malaria: ingechukua majuma kadhaa kabla sijaona nafuu, na kinywa kingeweza kukauka mwanzoni. Hali ikawa hivyo hivyo. Akaniambia pia nifanye kila siku jambo moja dogo hata kama sina hamu. Hapo elimu yangu ya ualimu ilinifaa. Nilichukua daftari, nikaandika kama mwalimu anavyoandika andalio la somo: saa, kazi, na safu ya maoni. Siku ya kwanza: saa moja asubuhi, kunawa uso. Maoni: imefanyika. Saa mbili, kumwagilia miche kumi. Maoni: mitano. Siku nyingine safu ya maoni ilibaki tupu, na mwalimu hapigi mtoto kwa somo moja lililoshindikana, hulirudia kesho. Katika mwezi wa tatu niliandika katika safu hiyo kwamba sombe ilikuwa na chumvi. Nikalitazama neno hilo kwa muda mrefu. Kwa majuma mengi chakula hakikuwa na ladha yoyote kinywani mwangu.

Sikupona kwa siku moja, wala sidai kwamba kamwe hayatarudi. Lakini sasa ninazijua nyayo zake. Usingizi ukinikimbia usiku wa nne mfululizo, ninamwambia mwenzangu nyumbani, na ninalifungua daftari.

TIBA YA MAZUNGUMZO

Dawa si njia pekee, na kwa wengi si ya kwanza. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2002, katika vijiji 30 vya kusini-magharibi mwa Uganda, ulifanyika uchunguzi ambao sasa unafundishwa duniani kote. Wagonjwa wa vijiji 15 waliwekwa katika vikundi, wanawake mbali na wanaume mbali, wakakutana mara moja kwa juma kwa majuma 16. Walioviongoza hawakuwa madaktari, bali wenyeji wa huko waliofundishwa kwa majuma mawili. Kikundi kilitazama chanzo cha tatizo la kila mmoja: kufiwa, ugomvi na watu wa karibu, au mabadiliko makubwa ya maisha kama kuugua au kupoteza kazi, kisha wakasaidiana kutafuta la kufanya. Kabla ya hapo, wagonjwa 86 kwa kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na sonona iliyotimia. Baada ya majuma 16 walibaki 6 au 7 tu kwa kila 100. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, walishuka kutoka 94 hadi 55 hivi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kuwafundisha wengine njia hiyo.

Zimbabwe nao wana mfano wao. Daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana aliyejitoa uhai, ambaye jamaa yake hawakuwa na nauli ya kumleta hospitalini. Tangu mwaka 2006 amekuwa akiwafundisha mabibi wa mitaani kukaa na wagonjwa juu ya benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Sisi wa Bwera, ambao hospitali ya Butabika iko Kampala, mwendo wa zaidi ya kilomita 350, tunaijua vizuri habari ya nauli. Je, hapa kwetu tumekosa wazee wenye busara, au miti yenye kivuli?

YA KUFANYA NYUMBANI

Sasa, dada yetu, na wengine wote mlio katika hali kama yake, yafuateni haya:

1. Mtu akisema kwamba ni afadhali asingekuwako, msadikini. Si kweli kwamba asemaye hatendi. Mwulizeni waziwazi, kwa upole, kama anawaza kujidhuru. Asiachwe peke yake siku hizo, na apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo.

2. Silaha isikae naye nyumbani. Jambo hili lina aibu kwa askari, lakini aibu hupita. Zungumza na mkubwa unayemwamini kikosini, au na mchungaji au shehe wa kambi, ili bunduki irudishwe ghalani mpaka apate nafuu. Ondoeni pia dawa za mashambani na vidonge vingi vilivyolundikana.

3. Anzeni karibu. Kituo cha afya au hospitali ya Bwera si mbali. Ikihitajika, watawapeleka hospitali ya rufaa ya Fort Portal. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyoiondoa ile ya mwaka 1964, inataka matibabu haya yatolewe pia katika vituo vya afya vya kawaida. Mganga akiuliza tatizo, msiseme "kichwa" peke yake. Mwelezeni usingizi, chakula na maneno aliyoyasema.

4. Dawa ikitolewa, imezwe kama ilivyoagizwa. Isiachwe kwa sababu juma la kwanza halikuleta nafuu, wala isiachwe ghafla nafuu inapokuja. Kwa kawaida huendelezwa kwa miezi kadhaa baada ya kupona. Pombe isichanganywe nayo.

5. Msimwambie "jikaze." Amekwisha kujikaza, ndiyo maana anafika kazini kwa wakati. Kaa karibu naye juu ya kile kigogo, bila ya maswali mengi. Mwombe mtembee mpaka mtoni na kurudi. Mpe kazi ndogo yenye mwisho unaoonekana, kama kupukuchua mahindi ya debe moja.

6. Watoto waambiwe ukweli unaolingana na umri wao: baba anaumwa, hajakasirika nanyi, anatibiwa. Mtoto asiyeambiwa hujitwika kosa.

7. Anayependa kusali asali na wenzake, nao wampeleke pia kwa mganga. Imani haijapata kugombana na dawa ya malaria, na haina sababu ya kugombana na hii.

Kwa wakubwa wa vikosi tuna neno moja. Askari atakayekuja kwenu kusema kwamba halali, akirudishwa kwa kicheko, hatarudi tena yeye wala wenzake kumi waliokuwa wakimtazama kuona atapokewaje. Akipokewa kwa siri na kupelekwa kwa mganga, mmewatibu kumi na mmoja kwa kazi ya mmoja.

Waswahili husema kwamba mficha maradhi, kilio kitamfichua. Wewe, dada wa Bwera, hukuyaficha. Umeyaandika kwa mkono wako mwenyewe na kuyatuma kwetu, na hiyo ni nusu ya safari. Nusu iliyobaki inaanzia mlangoni pako asubuhi ya leo. Mwamshe mtoto mkubwa awaangalie wadogo, mwambie mumeo kwamba mnakwenda pamoja kupima shinikizo la damu ikiwa neno hilo ni jepesi kwake kulipokea, na mkifika mbele ya mganga, mwache aseme yeye kwanza. Akishindwa, sema wewe.

Tutafurahi kupata habari zenu. Hadi juma lijalo, tunawatakia afya njema na usingizi mwema.